Eko natumika

Mimi ni kontabli, mtu wa hesabu, na maisha yangu yanatawaliwa na tarehe 15. Kufikia siku hiyo kila mwezi, TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita lazima iwe imetangazwa, pamoja na kodi iliyokatwa kwenye mishahara. Wateja wangu ni watu wa kawaida wa Lubumbashi: mwenye malori machache yanayovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, shule moja ya binafsi, muuza simenti na nondo, na kampuni ndogo ambayo wakubwa wake wako Kinshasa. Hesabu zao zote zinafanyika juu ya meza moja, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wangu, mtaa wa Katuba. Mlangoni hakuna kibao. Upande wa pili wa ukuta mama anatwanga mizizi ya munkoyo, kinywaji cha mahindi anachouza.

Nilianza hivi mwaka 2020. Tarehe 24 Machi rais alitangaza hali ya dharura kwa ajili ya korona, biro nyingi za mjini zikafunga, na bosi wangu wa wakati ule akatupa mafaili tuondoke nayo. Hali ya dharura ilikwisha Julai. Kufikia hapo bosi alikuwa amekwisha kuona kwamba hesabu zinatoka vilevile bila yeye kulipa pango katikati ya mji, kwa hiyo mlango ule hakuufungua tena. Polepole kila mmoja wetu akashika njia yake na wateja wake.

Tangu hapo nimesoma mashauri mengi juu ya kazi ya nyumbani. Vaa viatu kama mtu anayetoka. Tenga chumba. Jihadhari na upweke. Upweke! Wakati wa likizo watoto wa ndugu wakifika, kwetu tunalala mpaka sebuleni, na kuku nao wana madai yao. Mwandishi wa mashauri yale ningempa wiki moja katika lupango yetu, ua tunaoishi, kisha anieleze upweke wake ameuacha wapi.

Tuanze na kuran, maana Lubumbashi huwezi kuzungumzia kazi ya nyumbani bila umeme kuingia kwanza. Mtaani kwetu inakuja kwa zamu, na zamu yenyewe haikuandikwa popote. Kuna majuma inakuja usiku tu, watu wameshalala, ikaondoka kabla ya alfajiri. Ikirudi, watoto wanapiga kelele njia nzima, hata saa saba za usiku, na nyumba inaamka. Kuna utaratibu wa nani anatangulia. Kwanza ni pampu, kwa sababu maji ya kisima yanapanda kwenye tangi kwa pampu, na tangi likiwa tupu asubuhi hakuna munkoyo, hakuna kuoga, hakuna shule. Pili ni resho, jiko la umeme: mama anachemsha maharagwe usiku huohuo ili mchana asichome makala, yaani makaa, mengi. Tatu ni pasi. Kompyuta yangu inakuja baada ya pasi. Na pampu na resho zikiwaka pamoja, balbu inafifia mpaka inabaki uzi mwekundu, chaja inakataa kabisa kushika. Basi nakaa kitandani na faktira za malori magotini, nikisubiri maharagwe yaive ndipo nipate nguvu ya kufunga hesabu za mwezi.

Mgeni akisikia anashangaa, kwa sababu huu ni mji wa shaba. Waya zinazopeleka umeme duniani zinatengenezwa kwa kitu tunachokichimba hapa, kinachopita Kasumbalesa juu ya malori, na baadhi ya malori hayo hesabu zake nazifanya mimi. Lakini ukifuata historia yake, mshangao unapungua. Bwawa la Mwadingusha, juu ya mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Nzilo, juu ya Lualaba, likafuata mwaka 1952, na Nseke mwaka 1956. Yote yalijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1982 ukafika laini mrefu wa umeme kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, kilomita zipatazo 1,700 mpaka Kolwezi, ukikatiza nchi nzima juu ya vichwa vya watu ambao hata balbu moja hawana, nao pia kwa ajili ya migodi. Mitaa kama yetu ilipewa kilichobaki mezani. Sasa migodi imeongezeka, inataka umeme kuliko mabwawa yanavyoweza kutoa, mji nao umepanuka pande zote, na mwisho wa kiangazi maji ya mabwawa yanapungua. Haya siyasemi kwa kulalamika. Nayasema kwa sababu mteja wangu wa Kinshasa anadhani nazembea.

Halafu kuna kabine, yaani transfoma. Kabine ya mtaa ikiungua, kungoja kampuni ya umeme ni kungoja sana, kwa hiyo watu wanachanga. Kila lupango inatoa chake, mkuu wa njia anapita na daftari, mafundi wanatafutwa, na mara nyingi sehemu kubwa ya gharama inatoka mifukoni mwetu wenyewe. Daftari hilo la mchango, mnakisia limeishia kwa nani? Walikuja jioni moja, wazee watatu na mama mmoja, wakasema kwa adabu kubwa: binti, wewe si unajua hesabu, tena si uko nyumbani? Sikuweza kukataa. Nikalifungua vizuri, mapato upande huu, matumizi upande ule, na nikajikuta nakimbizana na mwenye baa ya pembeni aliyeahidi mchango mkubwa mbele ya watu. Kazi hiyo bado ninayo. Hailipwi.

Sehemu ya pili ya sentensi yao ndiyo iliyonikaa kichwani. “Si uko nyumbani.” Kwao ilikuwa sifa, maana yake tunajua utapatikana. Lakini ndiyo ugumu wote wa kazi hii. Kuran naweza kuizunguka: nimenunua paneli na betri, na kompyuta inafika jioni. Intaneti naizunguka kwa kadi mbili za mitandao tofauti, na mega nanunua za usiku ambazo ni rahisi. Mvua ikianza kupiga mabati Januari, nawaandikia wateja kwamba sisikii simu, na wenyewe wanajua, na kwao inapiga. Hata saa nimezizoea. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mtu wa kule akikumbuka jambo saa kumi na mbili jioni akiwa anafunga biro, kwangu ni saa moja usiku na bukari, ugali wetu, iko mezani. Lakini kuizunguka “si uko nyumbani” sijapata njia.

Nadhani mji wenyewe umetufundisha hivyo. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata kiwanda kikaanza kuyeyusha shaba. Tangu siku hizo kazi hapa ni mahali mtu anakokwenda. Baba anatoka asubuhi na kurudi jioni, na mwisho wa juma anakuja na posho, unga wa kupimwa. Union Minière iliwajengea wafanyakazi makambi pamoja na wake zao na watoto, ikaweka hospitali na shule, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, ikaendelea hivyo kwa miaka mingi. Wazee bado wanasema kampuni ilikuwa njo baba, njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Katika maisha ya namna hiyo, mwanamume aliyeonekana kwenye lupango mchana wa Jumanne alikuwa na sababu tatu tu: anaumwa, yuko konje, yaani likizo, au amefukuzwa.

Na baadaye walionekana wengi. Mgodi wa Kamoto, wa Gécamines, uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukashuka, mishahara ikawa inachelewa miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao elfu kumi wa Gécamines waliondoka kwa mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Papa, baba yangu, hakuwa wa Gécamines, alikuwa fundi wa karakana katika kampuni nyingine kubwa ya mjini, lakini miaka ni ileile na mwisho ni uleule. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka alivyokuwa bado anaamka saa kumi na moja, anaoga, anavaa, kisha anakaa chini ya muembe.

Kwa hiyo mtu wa Katuba akiniuliza “Yaya, leo haukuende ku kazi?”, yaani dada, leo hukwenda kazini, simwoni kuwa mjinga. Anauliza kwa huruma. Wengine waliwahi kumletea mama habari za nafasi za kazi kwa ajili yangu, mpaka nafasi ya kupanga bidhaa kwenye duka, na mama akazipokea kwa shukrani bila kunitetea hata kidogo. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mlango wa riziki haufungwi.

Mwanamke, tena, ana mzigo wa ziada. Mwanamume akikaa nyumbani anahesabiwa kuwa hana kazi. Mwanamke akikaa nyumbani anahesabiwa kuwa ana kazi zote. Mtoto wa jirani akitoka shule mapema, ataachwa kwangu. Fundi wa choo akija, mimi ndiye wa kumsimamia. Gunia la makala likifika juu ya baiskeli, mimi ndiye wa kubishana bei na kuangalia chini kama hakuna vumbi tupu. Kaka yangu naye ni mwalimu wa jioni, mchana wote yumo humohumo ndani. Hajaachiwa mtoto wa mtu hata siku moja.

Lakini pigo kubwa ni kilio. Mtu akifa hapa, watu hawaendi kutoa pole na kurudi. Wanakaa. Wanawake wanalala kwenye kilio, chini, juu ya mikeka na vitenge, mpaka maziko na baada ya maziko, wanapika, wanachota maji, wanapokea wageni. Anayefanya kazi mjini ana ruhusa yake iliyozoeleka: anafika jioni na nguo za kazi, anakaa, anatoa bahasha, usiku anaomba njia, na hakuna anayemkunjia uso. Wanasema huyu yuko kazini. Ruhusa hiyo mimi sina. Alipofariki mume wa binamu yangu ilikuwa juma la pili la mwezi, nyote mnajua juma hilo kwangu lina nini ndani yake. Nilipomwomba shangazi yangu nije jioni tu kama wengine, aliniangalia muda mrefu. “Weye si uko ku nyumba? Unakosa nini?”

Nililala kilioni. Alfajiri, kabla ya mama wakubwa kuamka kuwasha mbabula, nilikuwa nachukua teksi-moto kurudi kufanya TVA ya shule na malori, saa nne nikarudi na sufuria mkononi ili ionekane nilitumwa. Sijutii kulala pale, na binamu yangu hatasahau. Ila ninaona jambo moja lisilo la haki: kilio kinamwonea aibu mwajiri asiyejulikana, kinamwachia mfanyakazi wake, na mimi niliye mwajiri na mfanyakazi kinanichukua mzima.

Aliyenisaidia ni papa, na sikumwomba. Mwanzoni alinitazama kwa mashaka. Akaja chumbani siku moja na kalamu, akataka kujua naingia saa ngapi na natoka saa ngapi. Nikamwambia papa, siingii wala sitoki, nipo. Jibu hilo hakulipenda. Tulibishana kidogo, mwishowe nikamtajia saa mbili mpaka saa sita, saa nane mpaka saa kumi na moja, hasa ili aniache niendelee. Akaandika. Tangu siku hiyo kiti chake kimehamia upande wa geti. Mgeni akiita, hodi haifiki kwangu. Nasikia kwa dirisha sauti yake ya karakana: “Eko natumika. Rudia saa kumi na moja.” Yaani yuko anafanya kazi. Hata shangazi, yule wa kilio, alirudishwa na kuambiwa angoje kwenye kiti, akanuna juma zima. Saa sita kamili papa anagonga ukuta kwa fimbo. Nikichelewa kutoka anagonga tena, kwa sababu muda wa kula, kwake, ni haki ya mfanyakazi, na asiyeichukua anaharibu kwa wenzake.

Papa ndiye pia aliyeuliza swali ambalo mashauri yote niliyosoma hayakuligusa. Ilikuwa saa ya chakula.

“Shefu wako ni nani?”

Nikasema sina.

“Na ukigonjwa, nani anakulipa?”

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka nilichokuwa nafanya asubuhi ile. Nilikuwa napiga hesabu ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ya wafanyakazi wa muuza simenti. Kwa kila mshahara, asilimia 5 anakatwa mfanyakazi na asilimia 13 anaongeza mwenye kazi, kwa ajili ya uzee, kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya ajali za kazini. Kijana anayebeba mifuko pale dukani ana namba yake na akiba yake ya uzeeni inaingia kila mwezi, kwa mkono wangu. Mimi ninayeijaza karatasi yake siko kwenye karatasi yoyote. Nilimjibu papa kwamba nitatafuta namna. Akasema kampuni ilikuwa na hospitali. Nikasema najua, papa. Tukala.

Wateja nao wana hoja yao, na wao ni wepesi zaidi kueleza. Wanataka bei ya nyumbani. Mwenye malori aliniambia waziwazi: hulipi pango, hulipi teksi, kwa nini unidai kama biro ya mjini? Nikamwekea karatasi mbele: betri, ambayo baada ya muda lazima ibadilishwe, paneli, mega, karatasi na wino, na saa za usiku ninazongoja kuran. Kila kitu ambacho biro ingekilipia sasa kinalipwa na nyumba hii. Nikamkumbusha pia kwamba tangu mwaka 2012 nchi iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na hesabu zake zinapaswa kufuata kanuni za OHADA, ziwe zimefanyiwa mjini au jikoni. Alilipa. Hakufurahi, ila alilipa, na mwezi uliofuata akaniletea shemeji yake.

Ilikuwa katika kuandika karatasi ile ndipo nilipomwona mama. Nimemwona maisha yangu yote, bila shaka, lakini sikuwahi kumweka kwenye safu ya hesabu. Papa alipokuwa chini ya muembe, tulikula nini? Munkoyo. Mama anapika uji wa mahindi, anaupoza, anatia mizizi iliyotwangwa, uji mzito unalegea wenyewe kama kwa uchawi, analaza usiku, asubuhi anachuja na kutia kwenye chupa. Mizizi ndiyo inayofanya kazi ile, unga wa mahindi peke yake hauwezi. Karo zangu zilitoka kwenye chupa hizo, na chuo pia. Wanawake wa njia yetu wote walikuwa hivyo, huyu maandazi, huyu unga, huyu vipande vya barafu, huyu cherehani barazani. Miaka ileile ambayo wazee walisema kazi imekwisha Lubumbashi, kazi ilikuwa ndani ya lupango zao na moshi unatoka. Hatukuwahi kusema mama yuko kazini. Tulisema mama yuko nyumbani.

Ni mama huyuhuyu ambaye betri yangu ilipofika aliiangalia mara moja tu. Majirani walianza kuleta simu zao nizichaji, nami kwa haya nikawa nazipokea bure, waya zimejaa mezani mpaka faktira zinakosa nafasi. Siku ya tatu nikakuta simu zimehamia kwenye ubao nje, zimepangwa, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina, na mama amekaa kando na kopo la pesa. Bei alikuwa ameshaiweka. Wanaoleta simu wananunua na chupa.

Basi nikaamua nimfungulie daftari, kwa heshima. Nilinunua lenye jalada gumu, nikachora safu: mahindi, mizizi, makala, chupa, maji, simu, mauzo ya asubuhi, mauzo ya jioni. Nilitaka ajue anapata kiasi gani, na kusema kweli nilitaka papa aone. Nikamwita, nikamweleza safu moja moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akalipapasa jalada, akasema ni zuri. Kisha akaniuliza ni nani mwingine anayesoma madaftari ya namna hii.

Nikasema, kwa biashara kubwa, watu wa kodi.

Mama akalifunga daftari, akalirudisha mezani kwangu, akaniambia nimwandikie humo mapishi ya keki.